Pikipiki Niliyoinyanyua Pongwe

Nilipokabidhi sanduku la vifaa mwezi uliopita, vijana wa karakana hawakuniuliza habari za cherehani. Waliniuliza habari za pikipiki. Miaka yote niliyowafundisha kukaza uzi na kupanga sindano, kumbe macho yao yalikuwa kwenye ile pikipiki ndogo ya kijani iliyoegemezwa ukutani, ambayo nusu yao wamezaliwa wameikuta. Wanataka kununua zao, zilizotumika, na wanataka kujua mtu achague vipi. Haya, kaeni. Ya mshahara sitayasema, maana hayatoshi hata mstari mmoja. Nitasema ya Fundi Sefu, ya Kigombe, na ya chombo chenyewe.

Nilishuka Tanga kutoka Lushoto katikati ya miaka ya hamsini, nimevaa koti la kipaimara lililokwisha kunibana makwapani. Kazi niliipata Ngamiani, kwenye karakana ya tajiri mmoja aliyeuza cherehani mbele na kuzitengeneza uani. Huko uani ndiko alikokuwa Fundi Sefu, mwenyeji wa Kigombe, mtu mfupi mwenye kofia safi na mguu wa kushoto usiokunjika. Cherehani ilimwangukia gotini wakishusha mzigo kwenye lori, na tangu siku hiyo mguu ukawa kama mti.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba. Wajua kushona?"

"Sijui."

"Afadhali. Wanaojua kushona hubishana na wateja."

Bisibisi sikupewa. Aliniketisha kwenye kigoda, akaniambia nifumbe macho, akaanza kukanyaga cherehani moja baada ya nyingine. Hii je? Na hii? Mimi nasikia kelele tu. Siku zikapita hivyo, nikidhani mzee ananifanyia utani kwa kuwa mimi Mshambaa, hadi asubuhi moja nikasikia kitu katika kelele ile, mgongano mdogo, kama mtu anayegonga meno kwa baridi. Nikasema, "Hiyo ina mahali inajigonga." Fundi Sefu akanitupia bisibisi bila kugeuka. Ndiyo siku niliyoajiriwa, kwa hesabu yangu mimi.

Siku hizo kila baraza ilikuwa na cherehani. Mjini, kwenye kambi za mkonge, na pwani yote ya kusini mpaka Pangani. Zamani Fundi Sefu mwenyewe ndiye aliyezizungukia za pwani kwa baiskeli. Baada ya kuumia mguu, zikawa zinaletwa juu ya paa la basi, na kila iliyoletwa na ugonjwa mmoja ilifika na magonjwa matatu. Nikajitolea kwenda mimi. Baiskeli ilinitoa roho. Nafika kijijini mikono inatetemeka, na mkono unaotetemeka huwezi kuutuma kupanga sindano. Nikaanza kuota pikipiki. Niseme ukweli, niliiota pia kwa sababu nilitaka siku moja niingie nayo Lushoto, nipite polepole mbele ya kanisa watu wakitoka ibadani.

Ya kwanza kuipenda ilikuwa hapo hapo Ngamiani, pikipiki kubwa jeusi lililobaki tangu wakati wa vita. Mwenyewe alipoliwasha, vikombe vya mkahawa wa jirani vikacheza kwenye visahani vyake. Mimi nikalegea. Nilimwita Fundi Sefu aje alione, nikiwa nimeshaamua. Alikuja na fimbo yake, akalizunguka mara moja, hakugusa kitu.

"Lilaze," akasema.

"Nililaze wapi, fundi?"

"Chini. Halafu linyanyue."

Mwenye pikipiki akaguna, lakini alitaka kuuza, akakubali. Tukalilaza juu ya gunia. Nikalishika usukani, nikavuta. Halikunijali. Nikashika na kiti, nikavuta tena, nikasikia nyuma yangu kitu kinapasuka, nacho kilikuwa suruali. Fundi Sefu hakucheka. Alimwita fundi nguo wa ng'ambo ya barabara, akamwambia, "Mshonee huyu, atalipa tajiri," akarudi zake karakana. Nikamfuata baadaye nimenuna.

"Sikiliza, mwanangu," aliniambia huku akifuta mafuta vidoleni. "Wewe huendi mashindano. Waenda Kigombe, masika, peke yako, na mfuko wa vyuma mgongoni. Pikipiki itaanguka, hilo tusilijadili. Nataka kujua nani atainyanyua."

Ya pili tuliisikia iko Pongwe, kwenye shamba la mkonge. Ilikuwa ya karani mmoja, Bwana Severini, Mkatoliki kutoka Songea, mtu mpole mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alikuwa anarudi kwao. Fundi Sefu alipanda basi na mguu wake ule, nikashangaa, kwani alikuwa hapandi basi ila kwa lazima.

Sasa andikeni haya, maana ndiyo mliyoyataka. Kabla hata hajasalimiwa sawasawa, Fundi Sefu aliweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi. Mwuzaji akiipasha moto kabla hujafika, ujue inawaka kwa shida na hataki uone. Hii iliwaka teke la pili, ikatoa moshi wa samawati, moshi ukapungua. Ni kawaida ya injini hizi ndogo zinazonywa oili pamoja na petroli. Moshi usipopungua, aga uondoke. Akaifungua plagi, akaitazama mdomoni: rangi ya kahawa, si masizi wala jivu. Akazungusha gurudumu na kugonga spoku moja moja kwa spana, zote zikaimba sauti moja isipokuwa mbili, na hizo mbili Bwana Severini alizitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. Akauvuta mnyororo nyuma ya gurudumu kuona kama unaachana na meno. Haukuachana.

"Inalala wapi?" akauliza.

Bwana Severini akatupeleka ndani. Ilikuwa inalala sebuleni, kando ya picha ya Bikira Maria, imewekewa kipande cha gunia chini kisichokuwa na tone la oili.

"Na huenda nayo wapi?"

"Ofisini kila siku. Jumapili misa, Muheza. Mara moja nilifika nayo Korogwe."

"Ilikusumbua?"

"Mvua ndiyo ilinisumbua. Yenyewe haikunisumbua."

Fundi Sefu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alinieleza baadaye kwamba pikipiki inayokwenda kazini kila siku, mwendo ule ule na mtu yule yule, ni salama kuliko iliyofunikwa shuka ikingoja harusi. Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alikaa kiti cha nyuma, kile cha abiria, akaunyosha mguu mbovu pembeni, akautazama ulivyoning'inia.

"Hapa panatosha," akasema. Nikadhani anaupumzisha tu.

Nikailaza chini. Nikavuta pumzi, nikainyanyua, ikasimama nami. Nikailaza tena upande wa pili, nikainyanyua tena. Nilicheka peke yangu katikati ya ua wa watu, mtu mzima mimi, fundi wa mjini. Bei tunaijua mimi na Bwana Severini. Pamoja na pikipiki alinipa kopo la maziwa alilokuwa akipimia oili, akanionyesha: kopo moja la oili kwa kila galoni ya petroli, tikisa, ndipo utie. Kopo lile ninalo.

Nikamwambia Fundi Sefu apande tuondoke. Akanitazama.

"Jifunze kwanza," akasema. "Mimi nimebakiwa na mguu mmoja tu." Akarudi kwa basi.

Vijana wangu, furaha ile. Kutoka chumba changu Nguvumali mpaka karakana ni mwendo wa mtu kumaliza muwa mmoja. Mimi nilianza kupitia bandarini. Asubuhi napitia bandarini, jioni napitia njia ya Pongwe, na petroli bado inatikisika tangini. Nilikwenda Muheza kunywa chai. Nilikwenda Pangani na kurudi kwa tangi moja, nikafungua kifuniko kuchungulia nikidhani nimehesabu vibaya. Watu walisema imekaa kama panzi. Iliyo kubwa waliipisha njia, hii yangu waliipigia makofi, nikawa napiga honi kuwajibu.

Ikaja Ramadhani, na masika juu yake. Kwa sisi watengeneza cherehani, kumi la mwisho la Ramadhani ndilo kipimo. Kila mtoto wa pwani anataka nguo mpya ya Idi, na kila cherehani iliyovumilia mwaka mzima huamua kufa wiki hiyo. Tulikuwa hatuinui kichwa. Ukutani kulikuwa na kalenda ya tajiri, na Idi imeandikwa Jumatano kwa wino mwekundu.

Jumatatu asubuhi akaingia mchuuzi wa samaki kutoka Kigombe, na baiskeli yake na tenga tupu. Alikuwa na ujumbe: cherehani ya Bi Mwanahamisi imekataa kushona. Bi Mwanahamisi alikuwa mjane, na ndiye mshonaji pekee pale kijijini. Daraja dogo la njiani limechukuliwa na maji, akasema, mabasi yamesimama, watu wanavuka juu ya magogo mawili ya mnazi.

Nikaitazama kalenda. "Mwambie nitakuja kesho," nikasema. "Nina mbili za kumaliza hapa."

Fundi Sefu alikuwa ameinamia kazi yake. Hakuinua uso. "Kwenu mlifunga lini?" akamwuliza mchuuzi.

"Jumatatu."

Sisi mjini tulikuwa na mawingu usiku ule wa kuandama mwezi, tukafunga Jumanne. Nasema sisi, ingawa mimi Mlutheri. Mtu akikaa Ngamiani hufunga hata asipofunga. Kigombe waliuona mwezi, wakafunga siku moja kabla yetu. Kwao leo ilikuwa ishirini na tisa. Mwezi ukiandama jioni hii, Idi yao ni kesho, na kalenda ya tajiri haina habari.

"Sasa hivi," akasema Fundi Sefu. "Ziache hizo mbili."

Nikafunga mfuko: sindano, bobini, mkanda wa ngozi, skrubu, mafuta. Kwa baiskeli, katika tope lile, ningefika jua linazama. Nikatikisa kopo langu la oili, nikatia, nikapiga teke. Barabara ya pwani ilikuwa nyekundu na laini kama uji wa ulezi. Niliteleza mara mbili kabla ya Tongoni. Mara ya tatu pikipiki ilinilalia kabisa, nikaona gurudumu linazunguka hewani, hakuna mtu mbele wala nyuma. Nikainuka, nikaishika usukani na kiti, nikainyanyua. Niliongea nayo kwa Kishambaa. Pale pa daraja wanaume wawili wakaishika mbele na nyuma, tukaivusha juu ya minazi, maji yakipita chini kwa ghadhabu. Mmoja akasema, "Ingekuwa ile kubwa ya mzungu wa mkonge, tungeiacha hapa iote."

Bi Mwanahamisi nilimkuta barazani, amekaa kati ya marundo ya nguo. Kanzu ndogo, gauni ndogo, suruali za kaptura, zote zimekatwa, kila rundo limefungwa ukanda wa kitambaa kuonyesha ni la nyumba gani.

"Shikamoo, Bi Mwanahamisi."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja." Sauti yake ilikuwa imekauka, na si kwa saumu peke yake. "Nguo za watoto wa mji mzima ziko mikononi mwangu. Zimekatwa, hata kuzirudisha siwezi. Kesho watoto wakitoka na nguo kuukuu, mimi nitapita njia gani? Na mwakani nani ataniletea kitambaa?"

Hakuwa na mume wala shamba la maana. Alikuwa na cherehani ile ya miguu, na watu walimwamini. Nikaitazama. Sikuhitaji kufumba macho. Kijispringi kinachovuta uzi ukirudi juu kilikuwa kimekatika. Uzi unalegea, chini ya kitambaa yanajaa mafundo. Ni waya mwembamba uliopindwa mara chache, unaenea juu ya ukucha. Katika miaka yangu yote uani nilikuwa nimeona viwili tu vimekatika. Mfukoni sikuwa nacho.

Tukatafuta. Waya wa kufungia kuku ulikuwa laini, ukiupinda unabaki ulivyo. Spoku ya baiskeli ilikuwa nene. Mvuvi mmoja akaleta ndoana, ikavunjika nilipoipinda. Jua likawa linateremka, na Bi Mwanahamisi akaanza kushona mkono, kanzu ya kwanza, kana kwamba kuna mtu duniani angeweza kuzimaliza zile kwa mkono. Nilimtazama vidole, nikageuka nikaitazama pikipiki yangu, imesimama uani, imechafuka, nzuri.

Waya wa klachi umesokotwa kwa nyuzi nyembamba za chuma, chuma kikali kinachorudi ukikipinda. Waya wa breki pia. Nikawaza kidogo. Bila klachi utafika. Bila breki utafika mapema. Nikachukua koleo, nikaukata wa klachi. Niliumia, sitadanganya. Nilikuwa nimeifuta pikipiki ile kila asubuhi kwa kitambaa cha pamba.

Nikachomoa uzi mmoja wa chuma, nikausokota kwenye shina la sindano, ukawa mbaya. Wa pili ukakatika. Wa tatu ukakaa. Nikautia mahali pake, nikapitisha uzi, nikamwambia Bi Mwanahamisi akanyage. Hapo nilifumba macho. Ilianza kwa kusita, ikashika, ikaenda, haijigongi popote. Nilipofumbua, alikuwa ameshamaliza ubavu mmoja wa kanzu na anageuza, na mimi bado nimeshika bisibisi skrubu ya mwisho haijakazwa.

"Subiri niikaze, mama."

"Ikaze huku ikienda," akasema, na miguu haikusimama.

Jua lilipozama wakanipa futari: uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, samaki. Watu walikuwa wametoka kutazama magharibi, na mara sauti ikatoka upande wa pwani, ikapokewa nyumba hadi nyumba, mwezi umeandama. Na mimi nilikimbia kuuona, mwembamba, umekaa juu ya wingu. Wanawake wengine wakaja kusaidia kupinda na kutia vifungo, wakawasha karabai barazani. Mimi nililala kwenye mkeka uani, na kila nilipozinduka nilisikia cherehani inakwenda, nikarudi kulala.

Asubuhi nilitoka nikadhani nimeamkia mji mwingine. Watoto wamejaa njiani, kanzu nyeupe, gauni za maua, kaptura zenye mikunjo mipya, kila mmoja anatembea mikono imeachana na mwili asichafuke. Bi Mwanahamisi alikuwa amekaa barazani, macho mekundu, anawahesabu kwa kidole wakipita. Mwanamke mmoja alisimama mbele yake na mwanawe, akamgeuza mtoto amwonyeshe mgongo na mbele, akasema, "Mwakani nakuletea mapema, Bi." Bi Mwanahamisi akajibu kwamba wote husema hivyo.

Ikabaki mimi kuondoka. Pikipiki isiyo na klachi haiwashwi kwa teke ukaondoka. Inasukumwa, ikishakimbia ndipo unatia gia. Nikaanza kuisukuma mwenyewe. Watoto wakaona. Sikuwaita, wallahi. Walikuja wote, wengine wakashika kiti, wengine wakasukuma mgongo wangu, wengine wakakimbia tu pembeni wakipiga kelele, na Bi Mwanahamisi akasimama barazani akipaza sauti, "Nguo! Jamani, nguo!" Pikipiki ni nyepesi, ikapaa. Nikatia gia, ikakohoa, ikawaka, moshi wa samawati ukawafunika wale watoto wote na nguo zao mpya. Sikuweza kusimama kuangalia. Ningesimama, ingezimika.

Pale kwenye magogo ya daraja wanaume wakaivusha, wakanisukuma tena. Toka hapo sikusimama. Nilipita Tongoni nikiwapungia watu mkono na kuwatakia Idi njema, nao wananitazama kwa hasira, maana wao walifunga pamoja na mjini na midomo yao ilikuwa mikavu. Niliingia Ngamiani nikaizimia mlangoni mwa karakana.

Fundi Sefu alikuwa kizingitini.

"Idi njema, fundi."

"Yenu. Sisi tungali na kiu."

"Mwezi nimeuona kwa macho yangu."

"Ushahidi wa Mlutheri haupokelewi." Akapokea bakuli nililopewa na Bi Mwanahamisi, limefungwa kitambaa, likinukia pilau. Akaliweka rafu ya juu kabisa, mbali na pua yake. "Cherehani?"

"Inashona."

"Ilikuwa nini?"

Nikamwambia. Nikamwonyesha ule waya wa klachi, umekatwa, unaning'inia kama mkia. Akaushika, akautazama ncha, akahesabu nyuzi zilizotoka.

"Wa breki?"

"Mzima."

"Mm," akasema. Kwa Fundi Sefu hiyo ilikuwa hotuba.

Halafu akaegemeza fimbo ukutani, akaenda kwenye pikipiki. Akailaza chini, taratibu. Nikasogea kumsaidia, akanizuia kwa jicho. Akauweka mguu mzima mbele, ule mbovu nyuma, akainama, na saumu yake mdomoni, akainyanyua. Ilimchukua muda. Ilisimama. Akabaki ameishika usukani, anahema.

"Tia waya mpya leo hii," akasema. "Kesho Idi yangu. Nipeleke Kigombe nikaisikie cherehani hiyo."

Hapo ndipo nilipohesabu. Tangu alipoumia goti hakuwa amerudi kwao hata mara moja. Basini mguu wake ulibaki umenyooka katikati ya watu, na kubebwa alikataa. Nikaikumbuka siku ya Pongwe, alivyokaa kiti cha nyuma akaunyosha mguu pembeni, na mimi nikidhani pikipiki tunainunua kwa ajili yangu.

Nikaenda kutafuta waya. Kesho yake tulikwenda, yeye na kofia yake mpya, na minazi ile tuliivuka yeye akiwa amekaa juu na wanaume wanne wakishika. Barazani kwa Bi Mwanahamisi alifumba macho, akasikiliza mpaka chai ikapoa.

Basi, vijana, mkishaigusa injini, mkaitazama plagi, mkailaza na kuinyanyua, msiondoke bado. Kaeni na kwenye kiti cha nyuma. Mtu wa kukaa hapo huenda amesimama kando yenu, ameshika fimbo, nanyi mnadhani anaupumzisha mguu tu.